Gari la Mjomba Pastory

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa mdogo wangu Calixte. Nilimwamsha, nikampa kikombe cha maji ya uvuguvugu na kidonge chake, kisha nikamvisha sweta, hata kama jua la Kibirizi lilikuwa limeshaanza kuchoma. Calixte alikuwa na miaka sita na alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Daktari alitufundisha kwamba anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na akibadilika hali awahishwe hospitali bila kusubiri. Mama aliyarudia maneno hayo, "bila kusubiri", mpaka nikawa nayasikia hata usingizini.

Kusema ni rahisi. Sisi tulikaa chini kabisa, karibu na mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha dagaa. Hospitali ilikuwa mjini, juu ya mlima. Siku za kliniki baba alipanda bodaboda akiwa amempakata Calixte, wamejifunika turubai dogo mvua ikinyesha. Mara mbili mwaka ule Calixte alifika kliniki akiwa mzima na akarudi akiwa anaumwa, kwa sababu ya upepo na baridi ya njiani. Mama alilia mara zote mbili. Baba hakulia, lakini alianza kuzungumza habari za gari.

Baba yangu, Bonaventura, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Zamani aliwahi kuendesha lori la mizigo kati ya Kigoma na Kasulu, kwa hiyo leseni alikuwa nayo na magari aliyajua. Mama yangu, Kaneza, alianika dagaa kwenye vichanja pamoja na akina mama wenzake. Akiba yao waliiweka pamoja kwa miaka minne, na kila mmoja alikuwa na mpango wake juu yake.

"Tuhamie mjini," mama alisema. "Tupange chumba karibu na hospitali. Mtoto akiumwa tunatembea kwa miguu."

"Na dagaa nitawanunulia wapi, huko mjini juu ya paa la nyumba?" baba alijibu. "Gari dogo litatufaa. Litampeleka mtoto, litabeba hata magunia mawili."

"Gari linakula, Baba Armelle. Mafuta, matairi, bima. Chumba hakiharibiki barabarani."

Mimi ndiye Armelle, na wakati ule nilikuwa darasa la sita. Hakuna aliyeniuliza, lakini moyoni nilikuwa upande wa baba. Shuleni kwetu mtoto aliyeletwa kwa gari aliangaliwa kama mgeni rasmi. Nilitaka kuangaliwa hivyo walau mara moja.

Basi Jumapili moja mchana, mjomba Pastory akaja na gari lake.

Mjomba Pastory alikuwa kaka mkubwa wa mama. Babu alifariki mama akiwa bado msichana, kwa hiyo mjomba ndiye aliyemlea, na siku ya ndoa ndiye aliyepokea mahari. Kwa sababu hiyo baba hakumhesabu kama shemeji wa kutaniana naye. Alimhesabu kama baba mkwe. Mjomba akiingia, baba alisimama. Mjomba akisema jambo, baba hakulipinga, hata kama jambo lenyewe lilikuwa halina kichwa wala miguu. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mtu aliyekupa mke humtazami machoni kwa muda mrefu, wala hukikagui kitu chake kana kwamba unamshuku wizi.

Lilikuwa gari dogo la familia, la rangi ya fedha, lenye milango minne na mlango wa tano nyuma unaofunguka kwenda juu. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Ndani lilinukia manukato makali ya ndimu, yale ya kuning'inizwa kwenye kioo.

"Shikamoo mjomba," tulisema mimi na Calixte.

"Marahaba, wanangu. Haya, pandeni muone raha."

Tulipanda wote. Baba aliendesha, mjomba akakaa pembeni yake, mimi na mama nyuma, Calixte katikati yetu. Tulipanda mlima hadi mtaa wa Mwanga, tukazunguka, tukarudi. Calixte aliweka kiganja chake kwenye kioo njia nzima.

"Mama," alisema, "upepo unapiga lakini hauingii!"

Mama aligeuza uso akatazama nje. Nadhani ni hapo ndipo mpango wake wa kuhamia mjini ulipoanza kulegea. Nani angeweza kubishana na mtoto aliyefurahi kiasi kile?

Tuliporudi, mjomba alikunywa chai akaeleza shida yake. Alikuwa anajenga upya ukuta wa nyumba yake, kwa hiyo alitaka kuliuza gari haraka, tena kwa ndugu kabla ya mtu baki.

"Kaeni nalo hadi Jumapili ijayo," alisema. "Lijaribuni. Mkiridhika, tutamaliza mambo baada ya misa, mbele ya mashahidi wawili."

"Mzee," baba alisema polepole, akiangalia kikombe chake, "nilifikiri labda fundi Feliksi alitupie jicho kidogo. Si kwa ubaya."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Fundi? Bonaventura, nilipokupa dada yangu, ulileta daktari amkague?"

Mama aliinamisha kichwa. Baba alicheka kicheko kifupi cha aibu. "Hapana, mzee. Basi yaishe."

Na yakaisha kweli. Fundi hakuitwa.

Kesho yake, baada ya shule, mama aliniambia nilifute gari vumbi. Nililifuta nje, nikafungua mlango wa nyuma ili nifagie ndani. Zulia la buti lilikuwa jipya kuliko viti. Nililiinua nipate kufagia vizuri, nikaona kifuniko cha tairi la akiba, na kwa udadisi tu nikakiinua nacho.

Chini ya lile tairi kulikuwa na mchanga. Si vumbi la barabara, bali mchanga laini wa ziwani, umegandana kama uji uliokauka. Ndani yake kulikuwa na konokono wadogo, wale wenye magamba yaliyosokotwa tunaowaokota ufukweni. Kwenye bati, ukingoni, kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kutoka upande huu hadi ule.

Mstari ule niliujua. Miaka ya nyuma ziwa lilipojaa likapanda nchi kavu, maji yaliingia nyumbani kwetu yakakaa wiki nzima. Yalipotoka yaliacha mstari wa namna ileile ukutani, na baba aliupaka chokaa mara tatu ndipo ukapotea. Gari hili lilikuwa limelala majini. Nilijua palepale, kama ninavyojua jina langu.

Mjomba alipita jioni ile kuchukua miwani yake aliyoisahau. Nilimkuta amesimama kando ya gari, nikamwuliza kwa sauti ndogo, kwa adabu zote, kuhusu mchanga ule.

"Nilibebea dagaa," alisema. "Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga, wewe mtoto wa Kibirizi hujui?"

"Na konokono, mjomba?"

Aliinama karibu nami. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonishinda. Alizungumza kwa upole. "Armelle, baba yako ni mwoga. Ukimpelekea maneno ya konokono atalikataa gari, na mdogo wako atarudi kwenye bodaboda, mvua impige. Unataka hivyo?"

"Hapana, mjomba."

"Basi fagia, ukae kimya. Gari linatembea, hukuona?"

Ni kweli, gari lilikuwa linatembea. Nilifagia mchanga wote pamoja na wale konokono nikautupa nyuma ya choo. Nilijiambia kwamba ninafanya kwa ajili ya Calixte. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Asubuhi ile baba alikuwa amenishusha kwenye lango la shule, na wasichana wa darasa langu walinyamaza nilipofungua mlango. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba gari ni letu.

Siku nne zilipita vizuri. Alhamisi na Ijumaa mvua kubwa ilinyesha. Niliona kwamba vioo vya gari vilikuwa na ukungu kwa ndani kila asubuhi, na baba alivifuta kwa kitambaa bila kusema neno. Mara moja nilimwona ameinama, anagusa bolti za kiti kwa kidole, kisha anakitazama kidole chake. Nilipita haraka nisije nikaulizwa.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilimwamsha Calixte kama kawaida nikampa kikombe chake. Alikishika kwa mkono wa kulia, kikamponyoka. Maji yalimwagika mkekani. Nilimkaripia, nikakijaza tena, nikampa. Kikaanguka tena. Nilipomtazama usoni niliona mdomo wake umekwenda upande mmoja. Alikuwa anajaribu kusema kitu, lakini maneno yalitoka yamevurugika, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni.

Nilipiga kelele. Mama alikuja anakimbia, mikono imejaa magamba ya samaki.

"Yesu we!" alisema. "Baba Armelle! Gari! Washa gari!"

Gari likawaka mara moja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mama alikaa nyuma na Calixte mapajani, mimi kando yao nikiwa nimemshika mguu. Baba alikwepa madimbwi, tukaacha nyumba za mwaloni tukaanza kupanda mlima. Maji mekundu yalikuwa yanashuka barabarani kama mto.

Katikati ya mlima, taa za kwenye dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja. Kisha zikazimika zote. Injini ikanyamaza. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa ndani, na vifuta mvua vikasimama katikati ya kioo. Gari likaanza kurudi nyuma. Baba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akavuta breki ya mkono, akauzungusha usukani kwa nguvu zake zote mpaka tairi la nyuma likatumbukia kwenye mtaro. Hapo tukasimama.

Alizungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena. Hata mlio wa betri haukutoka. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya usukani, na vioo vilikuwa vya umeme, vikakataa kushuka.

"Tokeni!" baba alisema. "Wote, nje!"

Tulisimama mvuani. Mama alimfunika Calixte kwa kitenge chake, kikalowa palepale. Kila bodaboda aliyepita aliinama akaongeza mwendo. Nani asimame mlimani, mvua kama ile? Baba alimbeba mwanawe akaanza kupanda kwa miguu. Aliteleza, akapiga goti, akainuka. Mimi nilikuwa nyuma yao nalia, na kila hatua niliyopiga niliuona ule mchanga. Kama ningesema Jumatatu, Jumamosi tusingekuwa na gari lile. Tungekuwa tumeita bodaboda tangu nyumbani, tukafika.

Hatimaye pikapu iliyokuwa imeshusha ndizi za Kalinzi mwaloni ilitukuta karibu na kilele. Dereva hakuuliza kitu. Alimwona mtoto, akafungua mlango. Lakini tangu kikombe kilipoanguka hadi tulipoingia hospitali, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita.

Calixte alikuwa amepatwa na kiharusi. Mimi nilidhani kiharusi ni cha wazee tu. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba kwa mtoto mwenye selimundu damu inaweza kuziba hata mshipa wa kichwani. Aliongezewa damu siku ileile.

"Ataishi," daktari alisema siku ya pili. "Lakini mkono na mguu wa kulia vimeathirika. Kwa ugonjwa huu kila dakika ina kazi yake. Siwezi kuwaambia angekuwaje mngefika mapema. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ingemsaidia."

Baba aliketi kwenye benchi la korido. Nilikaa kando yake. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

"Baba," nilisema, "gari lile lilikuwa limezama ziwani. Nilijua. Niliona mchanga chini ya tairi la akiba, na konokono, na mstari wa maji. Mjomba aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nikafagia."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Baba hakuinua mkono.

"Na mimi nilijua," alisema.

Nilimtazama.

"Nimeendesha magari miaka kumi na moja, Armelle. Harufu ya gari lililolowa siikosi, hata ukilimwagia ndimu shamba zima. Bolti za viti zilikuwa na kutu. Vioo vilikuwa na ukungu. Niliona yote hayo. Nilisema moyoni, nitamwambiaje mkwe wangu kwamba ananiuzia kitu kibovu? Niliona aibu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Hatukujua alikuwa hapo kwa muda gani. Alikuja akakaa upande wangu wa pili.

"Ziwa lilipojaa," alisema, "wifi yangu aliniambia maji yalifika madirishani kwa kaka. Kaka aliwaambia watu kwamba gari lilikuwa Kasulu kwa fundi. Sikumwamini. Lakini ni kaka yangu, amenilea. Nikaona nisiulize." Alifunika uso kwa mikono yake miwili. "Mama we, mwanangu."

Tulikaa pale watatu. Sitaki kuieleza zaidi siku ile.

Fundi Feliksi alilivuta gari kutoka mtaroni akalipeleka gereji kwake. Jumatatu alituita mimi na baba, akafungua sehemu ya chini ya usukani. Alikuwa mzee mfupi wa maneno machache, mikono myeusi kwa oili. Alitoa fungu la nyaya akanionyesha. Ndani ya viungio vyake kulikuwa na unga wa kijani.

"Hiki ndicho kinachobaki maji yakishaondoka," alisema. "Gari la namna hii linaweza kutembea miezi sita ukalisifu. Siku likigoma haliangalii uko wapi. Kulikagua ni kazi ya nusu saa. Mngeniita, ningekunywa chai yenu tu."

"Niliona aibu kukuita," baba alisema.

"Najua. Wengi huona aibu." Fundi alirudisha nyaya mahali pake. "Ndiyo maana nina kazi nyingi."

Hela tulikuwa hatujaitoa, kwa hiyo gari lilibaki la mjomba. Alikuja hospitali mara moja tu. Alileta ndizi na juisi, akamshika Calixte kichwani, akasema ni mapenzi ya Mungu. Neno la gari hakulitaja, na mama alimwitikia kwa "ego" tu, yaani ndiyo, akiangalia ukuta.

Wiki tatu baadaye Calixte aliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku hiyohiyo baba alikwenda gereji kumlipa fundi Feliksi gharama ya kulivuta gari, nikamfuata. Tulipofika, tulilikuta gari limetolewa nje. Mjomba alikuwa ameagiza zibadilishwe zile nyaya zilizoungua tu, na sasa lilikuwa limesuguliwa tena, linang'aa, injini inanguruma vizuri. Kwenye kioo cha mbele yalikuwa yananing'inia manukato mapya ya ndimu. Mjomba Pastory alikuwa amesimama na mwanaume mmoja mwenye kanzu na kofia, mtu wa Ujiji, na wavulana wawili wadogo walikuwa wameshapanda kiti cha nyuma wanarukaruka.

"Huyu ni Bwana Jumanne," mjomba alituambia haraka. "Fundi cherehani. Tunamalizia mazungumzo yetu. Jumanne, huyu ni mkwe wangu, analijua gari hili. Amelitumia mwenyewe wiki nzima."

"Ah, nimepata bahati," Jumanne alisema, akimpa baba mkono. "Basi niambie, kaka. Lina tatizo?"

Baba aliushika ule mkono. Mjomba alikuwa anamtazama, na baba akashusha macho chini, kama alivyoyashusha siku zote mbele yake. Fundi Feliksi alikuwa ameinama ndani ya injini ya gari jingine. Aliacha kufanya kazi, lakini hakugeuka.

Mimi niliogopa. Mtoto wa kwetu haingilii maneno ya wakubwa, na mjomba si mtu wa kupingwa. Lakini niliwaangalia wale wavulana wawili wakirukaruka nyuma ya kioo, yule mdogo akiwa kama Calixte kwa kimo, nikaona kwamba nikinyamaza leo sitakuwa na pa kuuficha uso wangu.

"Shikamoo, baba," nilimwambia Jumanne. "Gari hili lilizama ziwani maji yalipojaa. Nyaya zake zimeoza. Lilizimika mlimani tukiwa tunampeleka mdogo wangu hospitali, likarudi nyuma, likatoa moshi. Tulichelewa. Sasa mdogo wangu mkono wake haufanyi kazi."

Jumanne aliuachia mkono wa baba.

"Mtoto huyu hana adabu!" mjomba alifoka. "Bonaventura! Unamwachia mwanao anitukane mbele za watu?"

Baba aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anamtazama mjomba machoni, tena kwa muda mrefu.

"Hajakutukana, mzee," alisema. "Amesema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani."

"Nilikupa dada yangu!"

"Ulinipa, na ninakushukuru mpaka leo. Mwanawe yuko nyumbani, hawezi kushika kijiko."

Jumanne alikwenda kwenye gari, akafungua mlango, akawashusha wanawe mmoja mmoja. Kisha akarudisha ufunguo kwenye kiganja cha mjomba, taratibu, bila kumdhalilisha. Alipopita mbele yangu alinigusa begani.

"Mungu amponye mdogo wako, binti," alisema, akaondoka na watoto wake kwa miguu.

Mjomba alitutazama mimi na baba kwa zamu. Aliingia garini akaondoka, na tangu siku ile hajakanyaga kwetu. Hata hivyo gari lile hakuliuza tena likiwa zima. Fundi Feliksi alituambia baadaye kwamba mjomba alilirudisha mwenyewe kwake, akaliuza vipande vipande, matairi huku na milango kule. Kama aliona aibu au alikosa wateja, hilo sijui.

Mwezi uliofuata tulihama. Tulipanga vyumba viwili mjini, nyuma ya soko, hatua chache kutoka hospitali. Baba anashuka Kibirizi kila alfajiri kununua dagaa, na analalamika njia nzima, kwenda na kurudi. Mara mbili kwa wiki ninampeleka Calixte kwenye mazoezi ya mkono na mguu. Mguu umeanza kutii. Mkono bado.

Jioni moja nilimwambia mama kile kilichokuwa kinanikaa kifuani. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemlemaza Calixte. Mama aliacha kuchambua mchele, akasukuma ungo pembeni.

"Nisikilize vizuri, Armelle," alisema. "Ugonjwa wa Calixte hakuna aliyeuleta. Amezaliwa nao, na ni mimi na baba yako tuliompa bila kujua. Hilo usilibebe. Lakini gari ni jambo jingine, na hapo sitakudanganya. Wewe ulijua kidogo, baba yako alijua kidogo, na mimi nilijua kidogo. Tungeyaweka pamoja mezani, tungelikataa gari Jumatatu ileile. Kila mmoja alinyamaza na kipande chake. Wewe kwa sababu ulilitaka, baba yako kwa aibu, mimi kwa sababu ya kaka. Na sisi ni watu wazima, kwa hiyo lawama yetu ni kubwa kuliko yako."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Umeshaanza, pale gereji. Kumheshimu mkubwa ni kumsalimu, kumsikiliza, kumhudumia. Kumfichia kosa linaloweza kuua mtu si heshima, hata awe ni mjomba, hata niwe ni mimi. Ukiona kitu cha hatari, sema. Sema kwa adabu, lakini useme siku hiyohiyo. Asiyekusikiliza, nenda kwa mwingine."

Calixte alikuwa kwenye mkeka karibu nasi, kalamu mkono wa kushoto, anajifunza upya kuandika jina lake. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka. Aliinua kichwa.

"Mama," aliuliza, "mjomba atakuja Krismasi?"

Mama alimtazama. Nilijua angeweza kusema ndiyo, mtoto akafurahi, ikaisha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Labda hatakuja."

Calixte alifikiri kidogo, kisha akarudi kwenye daftari lake kumalizia herufi ya mwisho.